Ndege Isiyotua: Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu Katika Chumba cha Uani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye bado yuko njiani na ambaye kiti chake chenye mto naomba kisikaliwe. Mheshimiwa Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, ambaye naona umekwishakikalia, basi endelea tu, kukaa ni kukaa. Mheshimiwa Mwenye Nyumba, Mlezi wa Kitengo, Fundi Cherehani Mwandamizi, ambaye tukiweka itifaki pembeni ni dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni. Mheshimiwa Shemeji, mume wa huyo niliyemtaja, Mshauri wetu wa Mambo ya Chuma na Kuchomelea, ambaye amefumba macho ili atafakari vizuri. Mheshimiwa Kinyozi, jirani yetu, ambaye leo anawakilisha vyombo vyote vya habari kwa simu yake moja, na ambaye ametuazima benchi la wateja wake. Wadau wa anga la juu, wadau wa anga la kati, na wewe kuku uliyeingia bila mwaliko. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba kila mmoja ajizingatie mwenyewe.

(Kinyozi anapiga makofi. Kuku anatolewa nje.)

Nasimama mbele yenu nikiwa nimejaa unyenyekevu, unyenyekevu ambao nathubutu kusema hakuna mkurugenzi mwingine aliyewahi kuufikia, kwa sababu wengi wao huanza vizuri lakini wakipata gari hulegea, ilhali mimi gari sikupata na kwa hiyo sikulegea, nimebaki imara kwa miguu yangu, nikija kazini kila asubuhi nikiwa nimevaa tai, nikitoka chumba cha wageni cha dada yangu, nikipita uani, nikiingia humu chumba cha uani, safari ambayo kwa tathmini huru niliyoifanya mwenyewe ni fupi lakini ya kimkakati.

(Dada: Chumba changu narudishiwa leo au sirudishiwi?)

Nimepokea swali kutoka kwa Mwenye Nyumba. Ni swali zuri, swali jumuishi, na litajibiwa chini ya kipengele cha Mengineyo.

(Dada: Mwalimu hana siku nzima ya kukusikiliza. Jora la sare analo mapajani hapo. Akiinuka nalo linakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na mimi nikikosa sare za shule nimekosa kipato cha mwaka.)

Na ndiyo maana nimemwalika Mwalimu Mkuu, ili jora lishuhudie historia. Mwalimu, vuta subira kidogo. Hotuba yangu ni fupi, ina kurasa chache tu za utangulizi.

Sasa niingie kwenye kiini. Wengi mmekuwa mkijiuliza, huko sokoni, huko kwa kinyozi, na hata humu ndani mkidhani nimelala, kwamba huyu bwana anafanya kazi gani. Kitengo cha Taifa cha Kutambua Michirizi ya Ndege katika Picha za Anga, kwa kifupi Kitengo, kina dira, dhima na mpangokazi. Dhima yake ni hii. Wataalamu wa nyota hupiga picha za anga zima, kipande kwa kipande, wakiiacha kamera imefumbua jicho kwa muda mrefu. Nyota ikitulia inaandika kitone. Lakini kitu chochote kinachopita mbele ya kamera, kinaburuta mwanga wake na kuandika mstari. Sasa mstari ule ni wa nani? Hapo ndipo taifa linapohitaji mtu. Maana mtaalamu asipoambiwa kwamba huu ni mchirizi wa ndege, atadhani amegundua nyota mpya yenye mkia, ataiita jina la mama yake, ataita mkutano na waandishi, kisha kesho yake ndege inatua na abiria wanashuka na mabegi. Aibu ya namna hiyo, waheshimiwa, ndiyo tunayoizuia.

(Kinyozi: Hapo umeeleweka, mkuu.)

Ahsante sana, vyombo vya habari. Hapa kwenye karatasi nilikuwa nimeandika "makofi ya muda mrefu", kwa hiyo nasubiri kidogo.

(Kinyozi anapiga makofi. Shemeji anashtuka usingizini, naye anapiga.)

Mbinu yetu ni ya kisayansi na niliibuni mimi. Mstari laini kama uzi, usio na doa, hicho ni chombo kinachozunguka dunia, tunaandika "chombo". Mstari unaoanza mwembamba, ukanenepa katikati, ukafa, hicho ni kimondo, tunaandika "kimondo" na tunakitakia heri. Lakini mstari wenye vitone vilivyopangana kwa nafasi sawa, kitone, nafasi, kitone, nafasi, hiyo ni taa ya ndege inayowaka na kuzima wakati ndege inakwenda, na ikiwa mistari ni miwili sambamba, basi ni bawa la huku na bawa la kule. Hapo tunaandika "ndege", tunagonga muhuri. Muhuri ninao. Nilihama nao kutoka ofisi yangu ya zamani kwa bahati mbaya, ulikuwa mfukoni.

Kwa upande wa takwimu, Kitengo kimevuka malengo. Asilimia mia moja ya michirizi yote tuliyoitambua, tumeitambua. Kati ya hiyo, asilimia tisini na saba ilikuwa ya ndege, na asilimia iliyobaki ni nywele yangu moja nyeupe iliyokuwa juu ya kioo cha kamera, ambayo kwa wiki kadhaa tuliifuatilia kwa jina la "chombo kisichojulikana chenye mwelekeo wa kupinda". Nilitoa tamko juu yake. Nimelifuta tamko, nywele nimeing'oa pamoja na wenzake, na kama mnaona kichwani kumepungua mjue ni uwajibikaji.

(Shemeji: Uwajibikaji umefika mpaka utosini.)

(Kicheko. Hata Mwalimu Mkuu.)

Chekeni tu, kicheko ni aina ya ushirikishwaji. Naomba sasa nigusie miundombinu. Mnakiona hicho kilichofunikwa shuka la maua pale dirishani. Hilo ndilo Jukwaa la Kifaa, na ndilo tutakalolizindua leo kwa kuvuta shuka. Mnajua kwamba picha ya nyota haitaki mtikisiko. Kamera ikitetemeka hata kidogo, nyota zote zinaota mikia, na mimi kwa utaratibu wangu ningezigongea zote muhuri wa ndege. Kwa hiyo Kitengo kilihitaji kitu kizito, chenye miguu ya chuma, kilichokaa mahali pamoja bila kusogea tangu enzi za marehemu mama, na baada ya mchakato wa manunuzi uliokuwa wazi na shindani, uliofanyika saa ya chai, kitu hicho kilipatikana humuhumu chumbani.

(Dada: Ni cherehani yangu hiyo. Umeiwekea kamera mgongoni ukaniambia nisishone, nyota zitatetemeka. Ukasema wiki moja. Wiki gani hiyo isiyoisha?)

Dada, Mengineyo. Kila kitu kina mahali pake. Mengineyo iko ukurasa wa nane.

(Mwalimu Mkuu: Samahani, Mkurugenzi. Watoto wanafungua shule karibuni, na nusu yao hawana kaptura.)

Kero hiyo nimeichukua, Mwalimu, na ninaibeba. Kwanza lakini niruhusuni niwaeleze mafanikio makubwa kuliko yote, mafanikio ambayo vitabu vya vitukuu wetu vitayaandika, ingawa sijui vitayaandika chini ya kichwa gani cha habari.

Katika picha ya kwanza kabisa tuliyopiga kupitia dirisha hili, giza lilipoingia, ulionekana mchirizi. Mzuri, mnyoofu, kutoka upande wa jiko kwenda upande wa uzio, una vitone vilivyopangana sawasawa. Nikagonga muhuri, ndege. Picha ya pili, mchirizi uleule, mahali palepale. Ndege. Ya tatu, ndege. Ikawa kila nikipiga picha, iko. Haiendi mbele, hairudi nyuma, haishuki. Nikaipa jina la kitaalamu, Ndege Isiyotua. Nikapima urefu wa njia yake, nikakadiria kasi yake, nikapata sifuri, nikarudia hesabu mara nyingi, sifuri ikakataa kuondoka, nikahitimisha kwamba rubani ni mtu mwenye subira.

(Kinyozi anaweka simu chini ili acheke vizuri.)

Sikuishia hapo. Niliandikia mamlaka ya usafiri wa anga barua ya kurasa sita kuwatahadharisha kwamba kuna ndege imekwama juu ya jiko la dada yangu na abiria huenda wana njaa. Hawakujibu, na mimi nikalitafsiri hilo kama siri ya usalama, nikaanza kuongea kwa sauti ya chini mezani. Shemeji aliniuliza kwa nini nanong'ona ninapoomba chumvi. Nikamwambia siwezi kulizungumzia.

Kisha siku za Jumamosi ndege ikaanza kubeba mizigo. Kwenye mchirizi yakawa yananing'inia maumbo makubwa, mengine yana mikono, mengine yana miguu miwili. Nikasema sasa imekuwa ndege ya mizigo. Nikaandaa ripoti maalumu, nikaikuza picha mpaka ikajaa meza nzima, nikachukua lenzi, nikaanza kuukagua ule mzigo wa katikati, umbo la miguu miwili, na pale nyuma, mahali pa kukalia, nikaona alama ya mraba. Nikaitazama sana ile alama, nikasema hii alama naijua. Nikasimama, nikapeleka mkono nyuma taratibu, nikaipapasa. Kilikuwa kiraka, waheshimiwa. Kiraka changu. Ile ilikuwa suruali yangu ya pili, yenye kiraka kama cha hii niliyovaa, iko kambani.

(Kicheko kirefu. Benchi linayumba. Shemeji anafuta machozi.)

Naam. Ndege Isiyotua ilikuwa kamba ya dada ya kuanikia nguo, na vile vitone vya taa vilikuwa vibanio, vikimulikwa na balbu ya jikoni. Mimi, mtu mzima mwenye tai, niliifungulia kamba ya nguo jalada la taifa. Lakini nieleweke vizuri, kwa mbinu yetu jibu lilikuwa sahihi. Mstari, vitone, nafasi sawa. Mbinu haina kosa, kosa ni la kamba.

(Dada: Na vibanio vyangu uliving'oa kuvifanyia uchunguzi. Kanga zangu zikapeperuka mpaka kwa jirani.)

Vilirejeshwa, vyote isipokuwa kile kimoja kilichokatika kikiwa chini ya ulinzi wangu. Kwa mustakabali, basi, Kitengo kinatarajia kutanuka. Katika awamu ya pili tutahitaji chumba cha pili, nacho kimekwishabainika, ni sebule. Awamu ya tatu itagusa jiko. Kitengo kitatoa ajira kwa vijana wenye macho, kitajenga uwezo, kitafungua kanda, na kitaanzisha dawati la kamba. Nawaomba wadau mtambue kwamba cherehani ikitikisika, taifa zima linatikisika, na kwa hiyo, kwa moyo mzito lakini wa kizalendo, napenda kupendekeza kwamba Mwenye Nyumba aongeze muda wa ule mkataba wa wiki moja kwa kipindi cha...

(Mwalimu Mkuu anainuka. Jora liko kwapani. Anaaga kwa kuinamisha kichwa na kuelekea mlangoni.)

Mwalimu. Mwalimu, tafadhali, hatujafika hata Mengineyo.

(Mwalimu Mkuu: Nimekusikia, Mkurugenzi, na hongera. Lakini fundi wa ng'ambo anafunga mapema.)

(Dada anatazama mikono yake, anaikunja, anaiweka mapajani pale ambapo jora lingekaa.)

Ngojeni. Naomba utulivu ukumbini. Naomba na mimi nitulie, hizi karatasi zinapiga kelele. Kwa mamlaka niliyonayo naruka ukurasa wa tano. Naruka wa sita, una takwimu za vitone. Naruka wa saba, una picha yangu. Mwalimu, simama hapohapo mlangoni kama hutaki kukaa, nakwenda moja kwa moja kwenye shukrani, na shukrani zangu leo ndizo Mengineyo.

Kwanza namshukuru Katibu Mkuu wa ofisi yangu ya zamani, kiongozi mwenye maono, aliyeniita siku ile ofisini kwake na kunikaribisha kiti, na kile kiti peke yake kingetosha kunishtua, kwa sababu miaka yote nilizoea kumsikiliza nikiwa wima. Akaniambia kwa upole kwamba nafasi yangu imeunganishwa na nafasi nyingine, na hiyo nyingine imefutwa. Lakini nisiwe na wasiwasi, akasema, mtu mwenye upeo kama wangu hawezi kupotea hivihivi, kuna mambo makubwa yanakuja, niende nyumbani nikasubiri barua. Nikamuuliza, mambo gani, mheshimiwa? Akatazama dirishani. Kwa bahati ndege ilikuwa inapita juu sana, imeacha mchirizi mweupe. Akasema, "Mambo kama yale."

(Shemeji anatazama dirishani.)

Ndiyo, kama yale. Nikaenda nayo nyumbani hivyohivyo, bila kuyafungua. Njiani nikayapa jina. Nilipofika kwa dada nilikwisha kuwa Mkurugenzi, na kufikia chakula cha jioni nikawa Mkurugenzi Mkuu, maana ugali ulikuwa mtamu na hakuna aliyenipinga. Ningesema nini? Kwamba mdogo wako uliyemsomesha kwa kushona mpaka macho yakaingia ukungu amerudi na boksi la viatu na muhuri wa wizi? Bora ndege.

(Shemeji: Tulidhani barua ilishafika.)

Namshukuru basi tarishi, kwa kutoleta barua. Nawashukuru wataalamu wa nyota wa dunia nzima, ambao hawajawahi kuniletea picha hata moja, wala hawajui kama nipo. Namshukuru Shemeji kwa kamera yake ya harusini, ndiyo iliyokuwa darubini yetu. Namshukuru Mgeni Rasmi, ambaye hakualikwa, na amekuwa muungwana, hakuja. Kitengo hakipo, ndugu zangu. Hakijawahi kuwepo. Dira hakuna, dhima hakuna, hata bajeti ile niliyoipitisha kwa kauli moja, kauli ilikuwa yangu. Kilichokuwepo ni chumba cha mtu, cherehani ya mtu, kamba ya nguo ya mtu, na mimi nimekaa katikati nagonga muhuri.

(Kinyozi anaacha kurekodi. Anaitia simu mfukoni.)

Nimeogopa kulivuta hili shuka kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Lakini uzinduzi ni uzinduzi, na hotuba bila uzinduzi ni kelele za debe. Kwa hiyo, kwa mamlaka ambayo sikuwahi kupewa na mtu yeyote, nalizindua rasmi Jukwaa la Kifaa.

(Anavuta shuka. Ni cherehani. Anaiondoa kamera juu yake kwa mikono miwili, anapangusa vumbi kwa tai.)

Na ufunguo wa chumba huu hapa, dada. Nilikuwa naufunga shingoni chini ya shati, kwa sababu za kiusalama.

(Dada anauchukua ufunguo. Bado una joto. Anamtazama mdogo wake, kisha anamtazama Mwalimu Mkuu mlangoni.)

(Dada: Mwalimu, lete hilo jora. Kaptura za kwanza utazipata kabla jua halijazama.)

(Mwalimu Mkuu anarudi. Analiweka jora mezani, juu ya kurasa za tano, sita na saba.)

Waheshimiwa, kabla sijashuka jukwaani, na niseme tu kwamba nimesimama kwenye kigoda cha jikoni, ningeomba tuitikie pamoja kaulimbiu za Kitengo, kwa mara ya mwisho, kwa sababu nilizitunga kwa muda mrefu na zinaniuma kuziacha. Nikisema "Anga letu", mtaitikia "Jicho letu". Anga letu.

(Hakuna anayeitikia. Dada amevuta kiti, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano.)

Nikisema "Hakuna mstari", mtaitikia "usio na mwenyewe".

(Dada: Umemaliza?)

Nakaribia, dada. Imebaki aya moja ya...

(Dada: Sogea basi, unanizibia mwanga.)

Nimesogea. Kwa hayo machache, na mengi niliyoyaruka, nawashukuru nyote mliokuja kuzindua kitu ambacho hakikuwepo, na zaidi namshukuru Mlezi wa Kitengo, ambaye alinipa chumba bila kuuliza barua, na ambaye hata sasa, baada ya yote haya, naona bado hajaniambia niende wapi, na mimi nimejiandaa, boksi langu liko tayari pale, akisema neno tu...

(Dada: Njoo ushike huu upande wa kitambaa, usiburute chini. Vua hiyo tai kwanza, itanaswa na gurudumu.)

Anga letu.

(Mkurugenzi Mkuu anavua tai. Anashika kitambaa. Cherehani inaanza kunguruma.)